Sitini na Nne Mezani kwa Papa

Kazi yangu hapa Buffalo ni kufungua vitu ambavyo watu wengine wamevichoka. Ghala letu linapokea kompyuta kuukuu, printa, simu na televisheni kutoka maofisini na majumbani. Sisi tunasimama pande mbili za mkanda unaovisogeza, na bisibisi za umeme, tunavitenganisha: plastiki huku, nyaya kule, shaba kwenye pipa lake. Wengi wetu ni Wakongo na Warundi. Anayesimama mkabala nami ni mama mmoja Mburundi, mcheshi, ambaye huongea na kila kifaa kinachopita mbele yake kana kwamba ni mgonjwa aliyeletwa kwa daktari akiwa amechelewa.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, theluji ikiwa imeziba nusu ya madirisha, kililetwa kitu kama kibodi nene, kimevimba mgongoni, rangi yake kati ya kahawia na biskuti iliyoungua. Nilikigeuza kama ninavyogeuza kila kitu na kuweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza. Hapo nikaona pembeni vile vibonye vinne vipana, vimesimama peke yao upande wa kulia. Nikazima bisibisi.

"Vipi, imekukata?" aliuliza yule mama Mburundi.

"Hapana. Hii ni ya baba yangu."

Aliinama akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Baba yako alikuwa Mmarekani?"

Nilicheka, lakini macho yalikuwa yameanza kulowa, nikajifanya ni vumbi.

Papa alikuwa mwalimu wa hesabu Bukavu, kwenye shule ya sekondari iliyokuwa juu ya mlima, mahali ambapo ukifungua dirisha la darasa unaliona ziwa lote. Miaka ya themanini alifundisha pamoja na mwalimu mgeni kutoka Ulaya, mtu mrefu aliyependa ndizi za kuchoma. Mkataba wa yule mgeni ulipokwisha, alimwachia Papa mizigo aliyoona haina haja ya kurudi nayo: baiskeli, vitabu, na kompyuta. Kila mtu alifikiri Papa atafurahia baiskeli. Baiskeli aliigawa kwa mdogo wake wiki hiyohiyo.

Mbele ya kompyuta ile paliandikwa jina la kiwanda na namba sitini na nne, nasi nyumbani tukaacha jina, tukashika namba. Iliitwa Sitini na Nne, kama mtu wa familia. Haikuwa na skrini yake. Uliiunganisha na televisheni. Haikuwa na mahali pa kuhifadhi kitu. Uliiunganisha na kinasa kaseti. Ukiwasha, televisheni iligeuka buluu, maandishi machache yakatokea juu, chini yake neno READY, na kijisanduku kikaanza kupepesa kikikungoja. Papa alitueleza kuwa neno hilo maana yake ni "niko tayari". Nilikuwa mtoto mdogo, na nilidhani mashine ile ilikuwa na adabu sana.

Alijifunza peke yake, kwa kitabu cha Kiingereza na kamusi ya Kifaransa pembeni. Kisha akatutungia mchezo. Mashine ilikuuliza jina lako, ukaandika. Ikakuuliza saba mara nane. Ukikosea iliandika BADO, JARIBU TENA, na ukipata ilipiga kijiwimbo kifupi ambacho Papa alikipanga noti moja moja. Mchezo huo alikuwa ameuweka kwenye kaseti, na kaseti ile ilichukua muda mrefu kusomwa. Wakati inasomwa skrini ilikuwa tupu kabisa, nasi tulikaa sakafuni tukitazama televisheni isiyoonyesha kitu, tumetulia kama tuko kanisani. Majirani walioingia walishangaa sana. Mama ndiye hakushangaa. Alikuwa anataka habari na muziki, na televisheni ilikuwa moja.

"Bon," alikuwa akisema, mikono kiunoni, "hesabu wameisha kujua. Sasa rudisha televisheni yangu."

Vita vilipofika tulitoka na vitu tulivyoweza kubeba. Sitini na Nne ilibaki mezani, imefunikwa kitambaa. Tulipita Burundi, tukakaa Tanzania kambini miaka mingi, na huko Papa aliendelea kufundisha chini ya turubai, kwa chaki na ubao uliopakwa masizi. Mimi nikaolewa hukohuko. Safari ya Marekani ilipopatikana, mimi na mume wangu tuliletwa Buffalo, na Papa na Mama wakapelekwa Louisville pamoja na kaka yangu, kwenye apatimenti za Newburg. Kaka yangu anafanya kazi kwenye ghala la vifurushi, mke wake anatunza wazee. Watoto wao wanaongea Kiingereza. Papa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na mtu wa kumfundisha. Nilipompigia simu na kumuuliza alichofanya siku hiyo, alinijibu kwa upole kwamba alikuwa ametazama magari yakiegeshwa.

Hayo yote yalinipita kichwani nikiwa nimeshika bisibisi iliyozimwa, na mkanda unaendelea kusogea.

Sheria ya kazini kwetu ni kwamba hakuna kitu kinachotoka, kwa sababu ndani ya vifaa hivyo kuna siri za watu. Nilikwenda kwa supavaiza wetu, Mmarekani mwenye mvi aliyezoea kuongea nasi polepole, nikamwambia ninaiomba ile ya kahawia. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Haina diski ndani," nikamwambia. "Ukiizima inasahau kila kitu. Hakuna siri ya mtu humo."

Aliichukua mikononi, akaigeuza, na uso wake ukabadilika. Aliniambia kwamba aliletewa kama hiyo Krismasi moja akiwa mvulana, na kwamba yeye na dada yake walipigana sana kwa ajili yake. Akaniambia nimpe muda aongee na ofisi. Kesho yake aliniletea kwenye boksi, pamoja na nyaya zake na lile adapta zito jeusi la kuchomeka ukutani, na kikaratasi cha ruhusa kwa ajili ya mlinzi wa mlangoni.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Lower West Side, tunakaa ghorofa ya juu. Mume wangu aliposikia habari hiyo alitaka tuiwashe palepale. Alikuwa ameshapata soketi nyuma ya kochi, na mimi nilikuwa nimepiga picha na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili, kundi ambalo kwa kawaida ni la harusi, misiba na viti vya gari vya watoto. Simu ikalia mara moja. Namba ya Ohio.

"Dada, samahani, hatujuani," ilisema sauti ya mwanamume, Kiswahili safi cha pwani. "Mimi ni Mtanzania, niko Columbus. Naomba sana msiichomeke!"

Nilimshika mume wangu mkono.

Mtu huyo alieleza kwamba yeye ni injinia wa umeme, na jioni zake na pesa zake, kama mke wake anavyolalamika, vinaishia kwenye kompyuta za zamani. Alisema mashine zile zenyewe ni ngumu kufa. Kinachoziua ni lile adapta jeusi. Likizeeka linaanza kupitisha umeme mwingi kuliko linavyotakiwa, bila moshi wala harufu, na chipu za kumbukumbu zinaungua zote kabla hujajua kuna tatizo.

"Litupe hilo adapta," alisema. "Au nipe nilitupe mimi. Una safari yoyote siku hizi?"

Nikamwambia kwamba sisi tuko Buffalo, wazazi wangu wako Louisville, na kwamba Pasaka tunakwenda kuwaona.

"Basi Columbus iko njiani. Mtalala kwetu."

Mume wangu, ambaye hamwamini kirahisi mtu wa kwenye simu, aliuliza huyo injinia anauza nini. Nilimwambia nadhani hauzi chochote. Mwishowe alikubali, ingawa yeye alibaki kwa sababu ya zamu. Nilikwenda na binti yangu mkubwa, ambaye alikuwa amepata leseni majira yale na alitaka kuendesha gari popote pale mradi ni mbali.

Injinia na mkewe walitupokea kama ndugu. Binti yangu, aliyezaliwa kambini, alikumbuka adabu ya kule akasema shikamoo kwa wote wawili, na mke wa injinia akafurahi hadi akamkumbatia. Tulikula wali wa nazi na samaki. Kisha injinia akatushusha kwenye chumba cha chini ya nyumba, ambako meza mbili zilijaa mashine, na katikati alikuwa ametandika taulo jeupe, akailaza Sitini na Nne juu yake.

Aliifungua kwa skrubu tatu. Mimi nimefungua maelfu ya vifaa, lakini kazi yangu ni kufungua vitu ambavyo havitafungwa tena, na nilijikuta naziweka zile skrubu kwenye kisahani kwa uangalifu kama hereni za mtu. Alipima, akaguna, akapima tena.

"Imekufa?" nikamuuliza.

"Chipu moja ya kumbukumbu. Moja tu! Ulikuwa na bahati, dada."

Alipokuwa akiitoa na kuchomelea nyingine, aliongea bila kupumzika, na ndipo nilipoijua historia ya kitu kilichokuwa nyumbani kwetu. Alisema kabla ya hapo kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi, cha chuo, cha watu wenye fedha. Kiwanda hiki, ambacho zamani kilishughulika na mashine za kuandikia, kilikuwa kinajitengenezea chipu zake chenyewe, kwa hiyo kiliweza kuteremsha bei mpaka washindani wakakata tamaa. Wakaipeleka dukani, maduka ya kawaida, kwenye maduka ya vitu vya kuchezea watoto, pembeni ya baiskeli na wanasesere. Baba anaingia kununua mpira, anatoka na kompyuta. Namba sitini na nne ilikuwa kipimo cha kumbukumbu yake, kipimo kilichoonekana kikubwa ajabu wakati huo. Siku hizi picha moja ya kwenye simu yangu haiwezi kutosha humo. Ndani yake kulikuwa na chipu ya sauti iliyobuniwa na mtu aliyependa muziki kweli, ndiyo maana hadi leo wako watu wanaitungia nyimbo. Iliendelea kutengenezwa karibu bila kubadilika kwa zaidi ya miaka kumi, na inasemekana hakuna kompyuta ya nyumbani ya aina moja iliyouzwa kwa wingi kama hiyo.

"Na moja ikafika Bukavu," nilisema.

"Na moja ikafika Bukavu," alisema, akapuliza moshi wa kuchomelea. "Hiyo ndiyo ninayotaka kusikia habari zake."

Aliunganisha adapta jipya alilolitengeneza mwenyewe, akavuta televisheni ndogo, akaniambia niwashe mimi. Nilibonyeza swichi upande wa kulia. Buluu ikatokea. READY. Binti yangu alisoma, akaniuliza kwa Kiingereza, sasa inafanya nini? Nikamwambia inakungoja wewe.

Siku iliyofuata tuliteremka hadi Louisville. Kwa kaka yangu palikuwa pamejaa watu wa sikukuu. Wanaume wenzake wa kazini walikuwa kwenye kochi wakitazama mpira kwenye televisheni kubwa inayochukua nusu ya ukuta. Mama alikuwa jikoni na wifi yangu, wanasonga ugali. Papa alikuwa dirishani kwenye kiti chake, amevaa koti na tai kwa sababu ni Pasaka.

Sikumwambia kitu. Niliweka boksi miguuni pake nikafungua. Alitazama ndani, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Mama," akaniambia, maana mimi nimerithi jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "hii umeitoa wapi?"

"Kazini, Papa. Ilikuwa inakuja kukatwa."

"Iko inatembea?"

"Inatembea. Inafanya kazi vizuri."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuona tunachotazama. Alipoona kilichomo, alishika kichwa.

"Eh! Ile kitu tena? Mimi nilifikiri vita ilituondolea ata ile!"

Chumba kizima kilicheka, na Papa alicheka kuliko wote, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo kumsikia akicheka mpaka kukohoa.

Ikaja kazi ya kuwaambia wanaume wa kwenye kochi waiachie televisheni. Ilikuwa dakika mbaya. Timu moja ilikuwa karibu kupiga penalti. Kaka yangu alimtazama Papa, akawatazama wageni wake, akasema, "Donc, wapenzi, tumalizie mpira kwenye simu." Hakuna aliyelalamika kwa sauti. Injinia alikuwa amenipa kebo ya kuunganisha na televisheni za kisasa, na kaka yangu akahangaika nyuma ya televisheni hadi ukuta mzima ukageuka buluu.

Papa alivuta kiti cha jikoni akakaa. Aliweka mikono juu ya vibonye bila kuvibonyeza, akavitazama, kisha akaandika mstari mmoja haraka haraka. Mashine ikajibu SYNTAX ERROR.

"Bado iko na kiburi!" alisema Papa kwa furaha, na akaurudia mstari. Alikuwa amesahau alama moja ya nukta. Mara ya pili mashine ilikubali. Akaandika mstari wa pili, wa tatu. Alisimama mara kwa mara akatazama dari, midomo ikicheza. Wageni waliokuwa wakichungulia penalti kwenye simu walianza kuinua vichwa. Nilijua anachoandika kabla hakijakamilika, kwa sababu nililiona neno BADO.

Alipomaliza aliandika RUN, akasukuma kiti nyuma, akaniashiria nikae. Mashine iliniuliza jina. Niliandika. Ikaniuliza saba mara nane. Mimi, mama wa watoto wanne, mbele ya wanaume wa kazini kwa kaka yangu, nilikosea. BADO, JARIBU TENA. Watu walipiga makelele. Niliandika hamsini na sita, na kukatokea sauti, lakini si kijiwimbo kile; ilikuwa mlio mmoja wa kukwaruza.

"Muziki nimesahau," Papa alisema. "Namba za noti zimenitoka. Bon, si kitu. Nitatunga mwingine."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Watoto wangu husikia kila neno la Kiswahili tunalosema, na hujibu kwa Kiingereza, na babu yao huishia kutabasamu bila kujua amejibiwa nini. Siku hiyo alimuuliza babu yake swali kwa Kiswahili, Kiswahili cha kuchechemea, kwa sababu alitaka jibu: "Babu, hii namba kumi, ishirini, thelathini, ni za nini?" Papa akamgeukia kwa mwili mzima.

"Keti," alisema. "Nitakuonyesha."

Hatukula hadi ugali ukapoa, na Mama alituambia hivyo zaidi ya mara moja.

Kilichofuata sikukipanga. Kaka yangu aliwahamishia televisheni ndogo chumbani kwa wazazi, ili sebule irudi kwa mpira. Kisha watoto wa jirani wa Kirundi wakaja kuona, wakaja wengine wa kutoka jengo la nyuma. Wazazi wao, ambao walikuwa wakimwona Papa kama mzee wa dirishani, waligundua kwamba ni mwalimu. Mmoja aliomba amsaidie binti yake hesabu za sehemu. Jumamosi zikajaa. Mama akaanza kulalamika kwamba chumba chake kimegeuzwa darasa, lakini kila nilipopiga simu nilisikia akiwauliza batoto kama wamekula.

Nilipomweleza injinia hayo yote, aliniambia kwamba mwezi wa tisa kuna mkusanyiko Columbus wa watu wapendao kompyuta za zamani. Kila mtu huleta mashine yake na kuiweka mezani. Aliomba Papa aje azungumze juu ya Bukavu.

Papa alikataa. Alisema Kiingereza chake ni cha kitabu. Injinia akampigia mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, wewe sema Kiswahili. Mimi nitatafsiri."

"Na kama watacheka?"

"Wakicheka, mzee, watakuwa wamecheka mahali pa kuchekesha. Wewe sema tu."

Alikwenda. Kaka yangu alimleta kwa gari kutoka kusini, mimi na mume wangu tukashuka kutoka kaskazini, tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa ambao waandaaji walikuwa wameukodi. Meza zilizunguka ukumbi mzima, na juu ya kila meza mashine za kila rangi, zikilia, zikiimba. Watu wengi walikuwa wazungu wa makamo wenye fulana na ndevu, wapole, wenye kufurahi ukiwauliza swali.

Papa alisimama na tai yake. Aliwaeleza jinsi umeme wa Bukavu ulivyokuwa ukikatika akiwa ameandika mistari mirefu ambayo hajaihifadhi, na jinsi alivyozoea kuanza upya bila kukasirika. Aliwaeleza jinsi wadudu fulani wadogo walivyojenga ndani ya kinasa kaseti. Aliwaeleza kuhusu Mama na televisheni yake. Injinia alitafsiri, na watu walicheka palepale palipochekesha. Papa alimalizia na kitambaa kilichofunika mashine siku tuliyoondoka.

Baada ya hapo alitujia mama mzee Mmarekani mwenye fimbo. Alisema aliwahi kufanya kazi kwenye mstari wa kuunganisha mashine zile, akiwa msichana, mashariki huko Pennsylvania. Alikuwa akibana vibonye na kufunga skrubu, siku nzima, wanawake watupu mstari mzima, redio imewashwa. Alimwambia Papa kwamba huenda mikono yake iligusa ile ya Bukavu.

Injinia alipomtafsiria, Papa alifikiri kidogo. Ni mwalimu wa hesabu, hawezi kuacha jambo lisilo sahihi lipite.

"Mwambie samahani," alisema. "Yangu ilitengenezwa Ulaya. Mfumo wa rangi wa televisheni za kule ni tofauti na wa hapa."

Yule mama alicheka sana, akasema mume wake marehemu angejibu vilevile. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kazi yangu. Nilimweleza. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tukaongea muda mrefu, Kiingereza changu kikitosha bila mtu wa kati, kuhusu mabega, kuhusu viganja vinavyokufa ganzi usiku, kuhusu supavaiza wazuri na wabaya, kuhusu marafiki wa kwenye mstari ambao unawajua kwa sauti kuliko kwa sura. Alinionyesha namna ya kunyoosha vidole ukutani wakati wa mapumziko. Nimemfundisha yule mama Mburundi pia, na sasa mapumziko yakifika tunasimama wote wawili tumeegemeza viganja ukutani, na wenzetu wanauliza kama tunasukuma ghala.

Jioni tuliagana kwenye paking. Mke wa injinia alikuwa amefunga maandazi kwenye mifuko miwili, mmoja wa kusini, mmoja wa kaskazini. Papa alikaa mbele kwenye gari la kaka yangu, akashusha kioo. Nilidhani anataka kuniaga.

"Mama," aliniambia, "yule mwanangu injinia ameniambia kwamba kuchomelea chipu si kazi ngumu. Chuma chake cha kuchomelea ni kidogo tu, kama kalamu."

"Papa, hapana," alisema kaka yangu kutoka kwenye usukani. "Kengele ya moshi iko juu ya kitanda chako. Wazima moto watakuja."

"Nitafungua dirisha."

"Mama hatakubali."

"Mama yako hakukubali kitu chochote tangu tuoane," Papa alisema, "na angalia watoto aliozaa." Akanitazama mimi. "Kazini kwenu hakuna chuma kama hicho kinachokuja kukatwa?"

Nilimwambia nitaangalia. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akafungua mfuko wa maandazi kabla gari halijatoka hata kwenye paking.